Endometriosisi na saratani ya ovari: hatari ndogo isiyopaswa kupuuzwa

Wanawake wenye maradhi ya endometriosisi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya ovari kuliko wanawake wasio na maradhi hayo. Jambo hilo limeonyeshwa na tafiti nyingi katika nchi mbalimbali. Hata hivyo, walio wengi kabisa miongoni mwao hawataipata saratani hiyo maishani mwao. Kweli hizi mbili hazina budi kwenda pamoja. Anayeishika ya kwanza peke yake huishi kwa hofu, na anayeishika ya pili peke yake huenda akachelewa kufika kwa daktari.

Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, suala hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Afrika Mashariki. Minnesota ndilo jimbo lenye jamii kubwa zaidi ya Wasomali nchini Marekani, na humo wanaishi pia Wakenya, Waoromo, Waethiopia na Wakongomani. Baadhi yao wanazungumza Kiswahili, ama kwa kuzaliwa nacho, ama kwa kujifunza mjini Nairobi au katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma.

Miji hiyo ina hospitali kubwa, chuo kikuu chenye kituo cha utafiti wa saratani, na shirika la Minnesota Ovarian Cancer Alliance, MOCA, lililoanzishwa mwaka 1999 na wanawake waliokuwa wameugua maradhi hayo. Lakini mwanamke aliyetoka Afrika Mashariki anapoingia katika chumba cha daktari, anaweza kukutana na vikwazo viwili kwa pamoja: mazoea ya nyumbani ya kuvumilia maumivu ya hedhi, na fikra ya kale ya vitabu vya tiba kwamba endometriosisi si maradhi ya mwanamke mweusi.

Maradhi yenyewe

Endometriosisi ni hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo. Huweza kuota juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo, kwenye kibofu cha mkojo na, kwa nadra, hata kifuani. Tishu hizo huitikia homoni za kila mwezi. Huvimba na kutoa damu ambayo haina njia ya kutokea. Baada ya muda hutokea makovu, na viungo vya tumboni hugandana.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana maradhi haya, yaani wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani. Dalili zake ni maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu wakati wa kwenda haja, uchovu mwingi, na kwa wengine ugumu wa kupata mtoto. Wako pia wasio na dalili yoyote.

Damu ya zamani inapokusanyika ndani ya ovari, hufanya kifuko chenye majimaji mazito ya rangi ya kahawia iliyokolea. Madaktari hukiita uvimbe wa chokoleti. Ni vyema kulikumbuka jina hilo, kwani uvimbe huo una nafasi kubwa katika habari ya saratani.

Katika sehemu nyingi za Tanzania na pwani, maumivu ya namna hii hujumuishwa katika jina moja la chango. Chango hutibiwa kwa mizizi na kwa subira. Hospitalini nako, wengi hupewa dawa za maambukizi ya via vya uzazi au za njia ya mkojo, mara moja, mara mbili, mara kumi. Kwa mujibu wa WHO, muda kati ya dalili za kwanza na kutambuliwa kwa endometriosisi huwa kati ya miaka 4 na 12.

Uhusiano wake na saratani

Mtu wa kwanza kueleza kitabibu kwamba saratani ya ovari inaweza kuchipuka katika tishu za endometriosisi alikuwa daktari John Sampson wa Albany, New York, mwaka 1925. Tangu hapo swali halikuwa tena kama jambo hilo hutokea, bali hutokea kwa wangapi na kwa njia gani.

Saratani ya ovari si ugonjwa mmoja. Ina aina kadhaa zenye asili na tabia tofauti. Mwaka 2012 jarida la Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 13, zenye wanawake zaidi ya 23,000. Wanawake waliosema wamewahi kuwa na endometriosisi walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kupata saratani ya seli angavu, na wa takriban mara mbili wa kupata saratani ya endometrioidi, yaani ile ambayo seli zake hufanana na za utando wa mji wa mimba. Uchambuzi huo haukuona uhusiano na aina iliyo ya kawaida kuliko zote, ile inayokua kwa kasi na ambayo mara nyingi huanzia kwenye mirija ya uzazi.

Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walieleza sehemu ya njia inayopitwa. Waligundua kwamba jeni iitwayo ARID1A, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisikue ovyo, ilikuwa imeharibika katika karibu nusu ya saratani za seli angavu walizozichunguza, na katika karibu theluthi moja ya zile za endometrioidi. Kwa baadhi ya wagonjwa, kasoro hiyo hiyo ilionekana pia katika tishu za endometriosisi zilizopakana na saratani.

Lakini mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kuwa kasoro za jeni zinazohusishwa na saratani hupatikana pia katika endometriosisi ya wanawake wasio na saratani kabisa. Maana yake ni kwamba kasoro moja peke yake haitoshi kuleta saratani.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo habari nyingi zinapowatia watu hofu isiyo ya lazima. Kusema kwamba hatari imeongezeka mara mbili hakumwambii mtu chochote mpaka ajue hatari ya mwanzo ilikuwa kiasi gani.

Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, unaeleza hivi: kati ya wanawake 1,000 kwa jumla, takriban 13 hupata saratani ya ovari katika maisha yao yote. Kati ya wanawake 1,000 wenye endometriosisi, idadi hiyo ni takriban 25. Hao 12 wa ziada ni watu, wala si wa kupuuzwa. Lakini 975 hawaipati.

Hatari haiko sawa kwa kila mgonjwa. Mwaka 2024 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa jimbo la Utah uliohusisha wanawake 78,893 wenye endometriosisi. Kwa jumla, uwezekano wao wa kupata saratani ya ovari ulikuwa takriban mara nne ya wasio na maradhi hayo. Kwa wenye uvimbe wa chokoleti au endometriosisi iliyozama ndani ya viungo, ulikuwa karibu mara kumi. Hata hivyo, idadi ya wagonjwa wa ziada katika utafiti huo ilikuwa takriban 10 kwa kila wanawake 10,000.

Minnesota nayo imechangia katika mjadala huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndio waliouendesha utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wa jimbo jirani la Iowa, ulioanza mwaka 1986. Walipochunguza suala la endometriosisi katika ripoti ya mwaka 2002, hawakuona ongezeko la saratani ya ovari. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kufikia ukomo wa hedhi, na waliulizwa tu kama waliwahi kuambiwa wana maradhi hayo. Tofauti ya umri na ya namna ya kuuliza yaweza kueleza sehemu ya tofauti ya majibu, na ndiyo sababu tarakimu ya utafiti mmoja haipaswi kuchukuliwa kuwa hukumu.

Kwa nini hakuna kipimo cha jumla?

Swali la kwanza la mgonjwa huwa ni hili: basi nipimwe kila mwaka. Jibu la daktari kwamba hakuna kipimo cha namna hiyo huonekana kama uzembe, au kama kunyimwa huduma kwa sababu ya ugeni au ya bima. Sivyo ilivyo.

Kati ya mwaka 1993 na 2001, wanawake 78,216 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliandikishwa katika jaribio kubwa la taifa la Marekani. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa kimojawapo cha vituo 10 vya jaribio hilo. Nusu ya wanawake walipimwa kila mwaka, kwa miaka kadhaa, protini iitwayo CA-125 katika damu pamoja na ultrasaundi ya ovari. Nusu nyingine waliendelea na huduma za kawaida.

Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliokufa kwa saratani ya ovari walikuwa 118 miongoni mwa waliopimwa, na 100 miongoni mwa wasiopimwa. Kupima hakukuokoa maisha. Zaidi ya hayo, wanawake 3,285 walipata majibu ya kutia shaka ilhali hawakuwa na saratani. Kati yao 1,080 walifanyiwa upasuaji, na 163 wakapata madhara makubwa kutokana na upasuaji huo. Jaribio la Uingereza lililohusisha wanawake zaidi ya 202,000, ambalo matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2021, nalo halikupunguza vifo.

Kwa mwenye endometriosisi tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa maradhi yake yenyewe hupandisha CA-125. Kipimo kinaweza kumtisha bure kila mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya wengi. Idara ya Afya ya Minnesota ina mpango uitwao Sage, unaowasaidia wanawake wenye kipato kidogo kupimwa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Vipimo hivyo ni muhimu, lakini havichunguzi ovari. Mwanamke aliyepimwa mlango wa kizazi na kuambiwa yu salama, hajaambiwa lolote kuhusu ovari zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwamo Amy Skubitz, wamekuwa wakichunguza iwapo protini za saratani ya ovari zinaweza kuonekana katika majimaji yanayobaki ya kipimo cha mlango wa kizazi. Huo ni utafiti, si huduma ambayo mgonjwa anaweza kuiomba.

Kwa hiyo, pasipo na kipimo cha jumla, kinachobaki ni mwanamke kuutambua mwili wake, kusema, na kusikilizwa.

'Si maradhi ya Waafrika'

Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vya tiba vya Marekani viliieleza endometriosisi kuwa maradhi ya wanawake weupe wenye elimu na kipato, waliochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi mwenye maumivu ya chini ya tumbo alidhaniwa ana maambukizi ya zinaa.

Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya wagonjwa wake weusi, ambao aliwachungulia tumboni kwa kamera badala ya kukisia. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na endometriosisi, na si wachache kati ya hao walikuwa wameambiwa hapo awali kwamba wana maambukizi ya via vya uzazi. Maradhi yalikuwapo, hayakuwa yametafutwa.

Fikra hiyo haijafutika yote. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanawake weusi walikuwa na takriban nusu tu ya uwezekano wa wanawake weupe wa kutambuliwa kuwa na endometriosisi. Waandishi wake walitahadharisha kwamba tofauti hiyo huenda inatokana na upendeleo katika utambuzi.

Kwa wanawake wa Kisomali na wengine waliokeketwa, kuna kizuizi cha ziada. Ukeketaji, hasa ule wa kushonwa, unaweza wenyewe kuleta maumivu ya hedhi. Ni rahisi basi kwa daktari, na hata kwa mgonjwa, kuyahesabu maumivu yote kuwa ya kovu la utotoni, na uchunguzi ukaishia hapo. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na mambo yote mawili.

Afrika Mashariki wako waliouvunja ukimya. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani kueleza maradhi yake na upasuaji mwingi aliofanyiwa. Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai, ambaye endometriosisi ilimshambulia hadi kifuani na ambaye alitibiwa Marekani, aliieleza safari yake mpaka alipofariki dunia mwezi Juni 2024. Ugonjwa wake haukuwa saratani. Lakini baada yake ni vigumu kwa yeyote kusema kwamba maradhi haya hayatuhusu.

Mkalimani na stara

Kwao wengi wetu, kungwi na somo walimfundisha mwari usafi na stara, na pia kwamba maumivu ya hedhi ni sehemu ya uanamke. Stara ni jambo jema. Lakini wahenga pia walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ughaibuni stara hiyo hupata mtihani mpya. Mama asiyejua Kiingereza huja hospitalini na mwanawe wa kiume, au na mumewe, awe mkalimani wake. Mama atawezaje kumwambia kijana aliyemzaa kwamba anaumia wakati wa tendo la ndoa? Husema tumbo linauma. Kijana hutafsiri: tumbo linauma. Daktari huandika dawa ya tumbo.

Si lazima iwe hivyo. Nchini Marekani, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hupaswa kuwapa wagonjwa wasiojua Kiingereza huduma ya lugha, bila malipo. Mgonjwa anaweza kuomba mkalimani wa kike, na kama hayupo, anaweza kuomba wa kwa simu kutoka mji mwingine, asiyemjua mtu yeyote katika jamii yake. Mkalimani hufungwa na kanuni ya kutunza siri.

Dalili za kuangaliwa

Mwenye endometriosisi amezoea maumivu, na hapo ndipo penye hatari. Linalotakiwa kuangaliwa ni mabadiliko: maumivu yaliyokuwa ya hedhi tu sasa ni ya kila siku; uvimbe wa chokoleti uliokuwa umetulia sasa unakua; maumivu yaliyokwisha baada ya ukomo wa hedhi yamerudi. Kutokwa damu baada ya ukomo wa hedhi kunahitaji uchunguzi daima.

Dalili za saratani ya ovari kwa mwanamke yeyote ni tumbo kujaa au kuvimba, maumivu ya nyonga au ya tumbo, kushiba upesi kwa chakula kidogo, na kwenda haja ndogo mara kwa mara au kwa ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Barbara Goff wa Seattle na wenzake ulitoa kipimo chepesi: ikiwa dalili kama tumbo kujaa, maumivu au kushiba upesi ni mpya, zimeanza chini ya mwaka mmoja uliopita, na huja zaidi ya siku 12 kwa mwezi, amwone daktari. Kuandika siku hizo kwenye kalenda kuna nguvu kuliko kusema 'huniuma sana'.

Saratani zinazohusiana na endometriosisi mara nyingi hugunduliwa zikiwa bado katika hatua za mwanzo, na hapo matibabu huwa na matumaini makubwa. Lakini ile ya seli angavu ikisambaa, huwa sugu kwa dawa za kawaida za kemikali. Ndiyo maana muda una thamani.

Kinga na matibabu

Vidonge vya kupanga uzazi hutuliza maumivu ya endometriosisi kwa wengi, na pia hupunguza hatari ya saratani ya ovari. Kadiri vinavyotumiwa kwa muda mrefu, ndivyo kinga inavyoongezeka na kudumu hata baada ya kuviacha. Imani iliyoenea kwamba vidonge hivyo huua kizazi haina msingi. Vina madhara yake, kama damu kuganda kwa baadhi ya watu, kwa hiyo hutolewa baada ya daktari kujua historia ya mgonjwa.

Kuondoa ovari zote mbili kwa ajili ya hofu tu hakushauriwi kwa mwanamke ambaye hajafikia ukomo wa hedhi. Hupoteza uzazi, na pia hudhuru mifupa na moyo. Hali ni tofauti kwa mwenye jeni za kurithi kama BRCA zilizoharibika, au ambaye mama, dada, shangazi au bibi yake aliugua saratani ya ovari au ya matiti. Huyo aulize kuhusu kipimo cha jeni, na aitaje historia ya pande zote mbili za ukoo.

Aliyeondolewa mji wa mimba na ovari, naye akawa anapewa homoni, amweleze daktari kwamba aliwahi kuwa na endometriosisi. Estrojeni peke yake inaweza kuyaamsha mabaki ya maradhi hayo. Kwa kawaida hushauriwa ichanganywe na homoni ya aina ya projesteroni.

Kwa walio nyumbani, hospitali za rufaa kama Kenyatta mjini Nairobi na Muhimbili mjini Dar es Salaam zina wataalamu wa magonjwa ya wanawake, na saratani hutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala. Popote alipo, mwanamke anayeambiwa kwa mara ya tatu kwamba ana maambukizi, bila kipimo kuonyesha hivyo, ana haki ya kuuliza swali moja: je, umefikiria endometriosisi? Na aliyekwisha kuambiwa anayo, aulize la pili: je, nina uvimbe kwenye ovari, una ukubwa gani, na lini utaangaliwa tena?